Kiswahili Kilipopanda Jukwaani Düsseldorf

Meli ya kwenda Copenhagen iliondoka Oslo jioni, na mwezi wa Mei jioni ya kule bado ni mchana mweupe. Tuliipanda watu watatu: shangazi yangu, aliyehamia Norwei miaka ya themanini, binti yake, aliyezaliwa na kukulia Oslo, na mimi, niliyekuwa nimetoka Mtwara kuwatembelea. Tulikuwa njiani kwenda Düsseldorf, Ujerumani, kumshangilia Stella Mwangi. Msichana huyo alizaliwa Nairobi mwaka 1986, akahamia Norwei na familia yake akiwa mtoto mdogo, na Februari 2011 watu wa Norwei walikuwa wamempigia kura awawakilishe kwenye mashindano ya nyimbo ya Eurovision. Wimbo wake uliitwa "Haba Haba". Ulichanganya Kiingereza na Kiswahili, na jina lake limetoka kwenye methali ambayo kila mtoto wa kwetu huijua kabla hajaanza shule. Mashindano yale yalianza mwaka 1956 huko Lugano, Uswisi, kwa nchi saba tu. Katika miaka yote iliyofuata Kiswahili kilikuwa hakijawahi kuimbwa pale.

Shangazi ni mwenyeji wa Newala. Kabla ya safari nilimuuliza kwa nini ajitaabishe hivyo kwa ajili ya binti wa Kikenya anayebeba bendera ya Norwei. Alinikazia macho. "Mwanangu, mtoto akiimba Kiswahili mbele ya Ulaya nzima, nimuulize pasipoti ya nini?"

Kwa asiyeyafuatilia mashindano haya, utaratibu wake ni huu. Shirika la utangazaji la umma la kila nchi hupeleka wimbo mmoja usiozidi dakika tatu, na mwimbaji huimba papo hapo. Wakati ule kila nchi ilitoa alama kwa nyimbo kumi za wenzake, kuanzia 1 hadi 8, kisha 10, kisha 12 kwa ule ilioupenda kuliko zote. Hakuna ruhusa ya kujipigia kura. Mwaka ule zilishiriki nchi 43, kwa hiyo kulikuwa na nusu fainali mbili, na ile yetu ilikuwa na nchi 19 zilizogombea nafasi kumi. Mtu anaweza kusema hizi ni burudani tu za televisheni. Sisi tuliotoka pwani hatuwezi kusema hivyo. Enzi za ngoma ya beni, vikundi vya Kingi na Scotchi vilishindana Mombasa na Lamu, na vile vya Marini na Arinoti vikashindana katika miji ya Tanganyika. Watu walishona sare, walikodi matarumbeta, walikopa fedha, ili mtaa wao usiaibike mbele ya mtaa wa pili. Wimbo ulikuwa heshima ya mahali. Nilipowaona Wanorwei wakipanda meli ile na bendera zao nyekundu zenye msalaba wa buluu na nyeupe, sikuhitaji mtu wa kunifasiria.

Mzee mmoja, mwalimu mstaafu, alimwona shangazi amejifunga kanga juu ya koti akasogea kutusalimia. Alikuwa na moyo wa mashindano yale kuliko vijana waliokuwa wakiimba sitahani. Alituhesabia aibu za nchi yake kwa sauti ya mtu anayetaja jamaa waliotangulia mbele ya haki: Norwei imewahi kupata sifuri mwaka 1963, mwaka 1978, mwaka 1981 na mwaka 1997. Lile la 1978 ndilo analolikumbuka zaidi. Jahn Teigen aliimba "Mil etter mil", hakupata hata alama moja, akarudi nyumbani na kupendwa kuliko alivyopendwa kabla ya kuondoka. Kisha akazitaja furaha: ushindi wa 1985, ushindi wa 1995, na ule wa 2009 mjini Moscow, pale Alexander Rybak na fidla yake walipokusanya alama 387, rekodi ya wakati ule. Mimi ndiye niliyekumbusha kwamba Rybak alizaliwa Minsk, Belarus. Mzee alitikisa kichwa kana kwamba nimetaja jambo ambalo halihusiki. Rybak ni wao, basi.

Lakini alikuwa na dukuduku, na alilisema kwa adabu. Alimpigia kura Stella Mwangi. Anaupenda wimbo wake. Kinachomsumbua ni kwamba hauna neno hata moja la Kinorwei, na hilo halikuanza na Stella. Mara ya mwisho nchi yake kuimba kwa lugha yake ilikuwa Athens mwaka 2006, na baada ya hapo kila mwaka ilikuwa ni Kiingereza. Ninapoandika haya najua kwamba ilibidi wasubiri hadi mwaka 2024, kundi la Gåte lilipokwenda Malmö na "Ulveham", wimbo wenye mizizi ya muziki wa jadi wa Norwei. Mzee yule hakuwa na njia ya kuyajua hayo. Alijua tu kwamba wajukuu zake wanadhani wimbo wa mashindano lazima uwe wa Kiingereza.

Nilikaa na maneno yake muda mrefu baada ya shangazi na binti yake kwenda kulala, maana yananihusu. Kwetu pia kuna wanaoamini kwamba wimbo hauwezi kuvuka mpaka bila Kiingereza. Na historia ya mashindano yale ina fundisho linalokwenda kinyume na nilivyotarajia. Mwaka 1965 Uswidi ilipeleka wimbo wa Kiingereza, na mwaka uliofuata ikawekwa sheria kwamba kila nchi iimbe kwa lugha yake ya taifa. Sheria ikalegezwa mwaka 1973, na mara ABBA wakashinda kwa Kiingereza mwaka 1974. Ikarudishwa mwaka 1977, ikadumu zaidi ya miaka ishirini, ikaondolewa tena mwaka 1999. Baada ya hapo Kiingereza kikafurika. Mtu anayependa lugha za watu husikitika akisikia hivyo, na mimi nilisikitika. Ila chini ya sheria ile ya kulinda lugha za taifa, Stella Mwangi asingeweza kuimba Kiswahili kwa niaba ya Norwei. Mlango ulioingiza Kiingereza ndio huohuo uliokiingiza Kiswahili. Tangu usiku ule siamini tena kwamba amri inaweza kuhifadhi fahari ya muziki wa nchi. Kinachoamua ni kile ambacho watu wenyewe wanakubali kukiita chao.

Na hata ndani ya sheria, watu walitafuta upenyo. Fainali ya mwaka 1980, iliyofanyika The Hague, Uholanzi, inastahili kukumbukwa na kila anayeipenda mada hii. Oktoba ya mwaka uliotangulia vijana wa Kisami, wenyeji wa asili wa kaskazini mwa Norwei, walikuwa wamegoma kula mbele ya Bunge mjini Oslo wakipinga bwawa la umeme lililopangwa kujengwa katika mto wa Alta. Norwei ikapeleka The Hague wimbo wa "Sámiid ædnan". Sverre Kjelsberg aliimba beti kwa Kinorwei, kisha Mattis Hætta akaingia na joik, uimbaji wa jadi wa Wasami ambao kwa vizazi vingi wamisionari waliuhesabu kuwa dhambi. Jukwaa hilohilo, usiku huohuo, alipanda Samira Bensaïd wa Moroko akaimba kwa Kiarabu, mara ya kwanza na ya pekee kwa nchi ya Afrika kushiriki. Norwei ikawa ya 16 kati ya nchi 19, Moroko ya 18 kwa alama 7. Kwa hesabu ya alama wote wawili walishindwa. Ila mwaka 2019 kundi la KEiiNO lilirudi na joik, na kura za simu za Ulaya zikaiweka Norwei namba moja. Majaji ndio walioishusha.

Asubuhi tulishuka Copenhagen na kupanda treni ya Hamburg. Njiani lilitokea jambo lililomfurahisha binamu yangu kuliko vyote: mji wa Rødby treni yenyewe iliingia tumboni mwa kivuko, mabehewa yote, na abiria tukaamriwa tushuke tupande ngazi hadi juu kupunga upepo wa bahari kwa muda wa robo tatu ya saa mpaka Puttgarden. Nikafikiria pantoni ya Kigamboni. Hamburg tulibadilisha treni, tukapita Bremen na Münster, mashamba ya mbegu za mafuta yakiwa manjano tupu pande zote, kisha tukaingia eneo la Ruhr, miji iliyojengwa kwa makaa ya mawe na chuma, miji ambayo vizazi vya Waturuki, Waitalia, Wagiriki na Wareno walihamia kufanya kazi. Düsseldorf tulifika tumechoka, na nguo zetu zimejikunja vibaya.

Mji ulikuwa umevalia. Kando ya mto Rhine, kwenye ngazi pana za Mji Mkongwe, watu walikaa makundi kwa makundi na bendera zao mabegani, wakinywa bia ile nyeusi ya mji huo na kufundishana nyimbo. Ujerumani ilikuwa mwenyeji kwa sababu mwimbaji wake, Lena, alishinda Oslo mwaka 2010. Kwa mara ya kwanza niliona kwa macho yangu jambo ambalo kwetu hutokea kwenye mpira peke yake: Mgiriki na Mturuki wanabishana kwa furaha, kila mmoja akiwa na hakika kwamba mwenzake atampa alama.

Karibu na mto tulisikia Kiswahili kabla hatujawaona wasemaji. Walikuwa Wakenya wachache na bendera yao, wakazi wa Bonn na Köln. Bonn ni jina kubwa masikioni mwetu, kwani ndiko yaliko makao ya redio ya Deutsche Welle. Idhaa ya Kiswahili ya Deutsche Welle ilianza mwaka 1963, na baba yangu aliisikiliza kila siku kwa redio ya betri. Pamoja nao alikuwapo bwana mmoja wa Lubumbashi aliyekuja kutoka Ubelgiji na mkewe. Kiswahili chake cha Katanga kilimchekesha binamu yangu mwanzoni, mpaka shangazi alipomwonya kwa jicho. Kilichofuata sijakisahau. Mkenya mmoja alisema kwa fahari, "Huyu ni wetu." Bwana wa Lubumbashi akajibu bila kupandisha sauti kwamba naye amesafiri kwa sababu ni wake, kwani lugha inayoimbwa ndiyo aliyobembelezewa na mama yake. Mkenya alinyamaza, kisha akamvisha yule bwana bendera ya Kenya mabegani. Tulicheka wote. Kuanzia dakika ile hakuna aliyegawanya tena.

Jumanne tarehe 10 Mei tulipanda tramu namba U78 hadi uwanjani. Ni uwanja wa mpira wa timu ya Fortuna Düsseldorf, uliofunikwa ukageuzwa ukumbi, na timu yenyewe ikahamishiwa uwanja wa muda jirani. Kuingia mle ni kama kuingia ndani ya ngoma: sauti huipati masikioni, unaipata kifuani. Poland ilifungua. Norwei ilikuwa ya pili, na wafuatiliaji waliokuwa nyuma yetu walilalamika kwamba nafasi hiyo ina nuksi, kwani katika fainali haijawahi kutoa mshindi.

Siwezi kuzieleza zile dakika tatu kwa utulivu. Mdundo ulianza, Stella akatokea, na watu ambao hawajui Mombasa iko wapi walipiga makofi kwa mapigo ambayo mimi nimeyasikia harusini na kwenye vijiwe tangu utoto. Wimbo ni mwepesi, wa kuchangamsha, na sitadai kwamba ni kazi kubwa kuliko zote alizowahi kutunga. Stella ni mwanahiphop, na amesema mambo mazito zaidi kwenye rapu zake. Lakini kilipofika Kiswahili, shangazi alinishika mkono akaubana hadi ukaniuma. Mwanamke huyu ameosha wagonjwa wa nchi ile kwa zaidi ya miaka ishirini, ameambiwa mara nyingi kwamba lafudhi yake haieleweki, na sasa wawakilishi wa nchi hiyohiyo walikuwa wakitamka maneno yake mbele ya mamilioni, kwa jina la Norwei. Wanorwei waliokuwa mbele yetu waliyaimba pia, silabi zikienda kombo. Hakuna aliyewasahihisha.

Nyimbo nyingine zilipita. Iceland ilileta marafiki wa mwimbaji Sjónni Brink, ambaye alifariki Januari ile kabla ya kuuimba wimbo wake, wakauimba wao. Ureno ilileta kundi la Homens da Luta, wamevaa kama wafanyakazi, wakulima na askari wa mapinduzi ya 1974, na kipaza sauti cha maandamano mkononi, kwa Kireno kitupu. Sehemu kubwa ya ukumbi haikujua ifanye nini nao. Safu moja kutoka kwetu mzee wa Kireno alisimama wima mwanzo hadi mwisho, karafuu nyekundu kifuani, mjukuu wake pembeni.

Kisha bahasha. Serbia, Lithuania, Ugiriki, Azerbaijan, Georgia, Uswisi, Hungary, Finland, Urusi, zikafunguliwa moja baada ya nyingine, na kila jina lilipotajwa moyo ulishuka. Ya kumi ilikuwa ya Iceland. Ukumbi mzima ulishangilia kwa ajili ya marehemu yule, na hata sisi hatukuweza kuwanyima furaha ile. Norwei ilikuwa imetoka. Uturuki imetoka, Armenia imetoka, hizo mbili kwa mara ya kwanza katika historia yao. Ureno imetoka. Matokeo kamili yalipotangazwa baada ya fainali, Norwei ilikuwa ya 17 kwa alama 30 na Ureno ya 18 kwa alama 22, wamekaa jirani mkiani.

Binamu yangu alilia. Ni kwa sababu ya kilio kile mzee wa Kireno alituinamia. Hakuwa na Kiingereza. Mjukuu wake alitafsiri. Alituuliza tunatoka wapi, na shangazi, badala ya kusema Oslo, akasema Newala, Tanzania, ng'ambo ya mto Ruvuma. Mzee alirudia jina la mto ule. Alilijua. Yeye mwenyewe alikimbilia Ujerumani akiwa kijana ili asipelekwe vitani Afrika, kama walivyofanya Wareno wengi wa rika lake. Mdogo wake hakuwahi kutoroka. Alipelekwa Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji.

Tulitoka nao, tukakosa tramu mbili kwa kusimama na kuzungumza. Akatueleza habari ambayo nilikuja kuihakikisha baadaye na ni kweli tupu. Aprili 1974, pale Brighton, ABBA waliposhinda, wimbo wa Ureno ulikuwa "E depois do adeus" wa Paulo de Carvalho, wimbo wa mapenzi na kuagana. Ulipata alama 3, ukafungana mkiani na Ujerumani, Uswisi, na Norwei. Mwezi uleule, usiku wa tarehe 24, saa tano kasoro dakika tano, redio moja ya Lisbon iliupiga. Ulikuwa umechaguliwa kwa sababu hakuna polisi ambaye angeushuku wimbo uliotoka kushindwa Eurovision. Maofisa vijana wa jeshi waliokuwa wakisikiliza kambini walijua kwamba hiyo ndiyo ishara ya kujiandaa. Baada ya saa sita usiku ukapigwa wimbo mwingine, ishara ya pili, na vifaru vikatoka. Kulipokucha, utawala wa kidikteta wa karibu nusu karne ulikuwa unaanguka, na wananchi wakawachomekea askari karafuu nyekundu kwenye mitutu ya bunduki.

Msomaji wa kwetu anajua kilichofuata upande wa pili wa bahari. FRELIMO iliundwa Dar es Salaam mwaka 1962, ikaanza vita mwaka 1964, ikawafunza wapiganaji wake Nachingwea. Eduardo Mondlane aliuawa Dar es Salaam kwa bomu Februari 1969. Baba yangu alikua akiwaona wakimbizi wa Msumbiji wakivuka Ruvuma na watoto migongoni. Vita ile ndiyo iliyowachosha maofisa wa Ureno hadi wakaigeukia serikali yao, na tarehe 25 Juni 1975 Msumbiji ikawa huru. Mdogo wa yule mzee alirudi nyumbani akiwa hai. Nilisimama kwenye kituo cha tramu cha Düsseldorf nikitambua kwamba wimbo wa mkiani ulikuwa umegusa ukoo wao na wetu pia. Shangazi alimwamkia mzee yule "shikamoo" kwa Kiswahili, naye, bila kuelewa, akaitikia kwa kuinamisha kichwa, akamchomekea ile karafuu kwenye fundo la kanga.

Jumamosi ya fainali, tarehe 14, tulikuwa tumeshafika Copenhagen na kupanda tena meli ya Oslo. Baa ya meli ilikuwa imejaa Wadenishi, Waswidi na Wanorwei mbele ya televisheni. Italia, iliyokuwa haijashiriki tangu 1997, ilirudi na Raphael Gualazzi, piano na jazi, ikawa ya pili. Ufaransa iliimba kwa Kikorsika, na nilimpongeza kimoyomoyo aliyefanya uamuzi ule. Azerbaijan ikashinda kwa alama 221 na wimbo wa Kiingereza, "Running Scared". Waswidi walishangilia karibu sawa na kama wameshinda wao, na kijana mmoja wao akatueleza kwa nini: kati ya watunzi watatu wa wimbo ule, wawili ni Waswidi. Sina neno baya kwa waimbaji wake, Ell na Nikki, waliimba vizuri, na watu wa Baku walistahili furaha yao. Lakini nilitafuta katika wimbo ule sauti ya Baku, mji wenye mugham, muziki wa kale ambao hata taarabu yetu ina ujamaa wa mbali nao kupitia maqam, na sikuisikia. Nasema wazi: ningechagua nafasi ya 17 na "Haba Haba" kuliko kombe lile na wimbo usio na kwao.

Asubuhi meli ilipoingia ghuba ya Oslo tulikuwa sitahani na vikombe vya kahawa. Mji ulikuwa ukijiandaa kwa tarehe 17 Mei, sikukuu ya katiba, siku ambayo kila Mnorwei mwenye vazi la jadi la wilaya yake hulivaa na watoto wa shule huandamana na bendi zao za matarumbeta hadi mbele ya kasri la mfalme. Binamu yangu hupiga klarineti katika bendi ya shule yao. Shangazi alikuwa bado anaisema safari. Alisema Kiswahili cha wimbo ule kilikuwa kidogo mno, na kwamba siku atakapokuja mwingine, aimbe chote.

"Lakini mama, mimi ndivyo ninavyoongea," binamu yangu akamjibu. "Kidogo hiki, kidogo kile. Wewe mwenyewe ndivyo unavyonisikia kila siku."

Shangazi alitaka kumkemea, akaghairi. Akamuuliza: basi angekuwa yeye, angeimba nini? Msichana akafikiri, akasema angetia Kiswahili na Kinorwei, bila Kiingereza, ili yule mwalimu mstaafu asihuzunike. Akaanza papo hapo kubuni ubeti, na mstari wa kwanza tu shangazi akamkatiza kwamba "nyumba" haiwezi kuwa "kizuri". Msichana akadai kwamba "kizuri" kinalingana vema na mdundo. Shangazi akasema mdundo usubiri ngeli. Waligombana hivyo, mmoja akipiga kidole kwenye reli ya sitaha na mwingine akisahihisha, mpaka tukashuka gatini, na ndani ya basi wakaendelea.